Mikanda ya Uzi Mwekundu

Machi 3

Mwanangu Upepo,

Hujambo huko juu? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kuwadanganya wenzako kwamba ni vumbi? Mimi sijambo. Mguu wa kulia umevimba kwa kukanyaga cherehani, lakini huo ni uvimbe wa kazi, kwa hiyo pole yako iweke.

Mifuko ya baiskeli ndiyo hiyo, jozi sita, anakuletea dereva wa gari la mahitaji, yule mnayemwita Taratibu. Mwambie bosi wako aizunguke hifadhi yote, apande kila mlima anaoujua, hatakuta mifuko kama hii. Fundi viatu jirani yangu alikuja kuikagua na miwani yake, akatafuta kosa mpaka chai ikampoa, akaondoka bila neno. Mtu yule kunyamaza ni sawa na wengine kupiga makofi.

Jambo moja tu. Ule uzi mweusi alioleta bosi niliutumia kote, nikamaliza kazi. Halafu nikaipanga mifuko mezani, nikaitazama, roho ikaniuma. Uzi mweusi juu ya turubai jeusi, nani ataona mshono? Nikafumua mikanda ya juu yote, ile inayoshika mfuko kwenye chuma cha baiskeli, nikaishona upya kwa uzi mwekundu. Siku mbili nzima. Sasa hata mtu aliye ng'ambo ya bonde ataiona kazi ya mama yako.

Mtaa mzima unajua kwamba mwanangu anaongoza wageni kwa baiskeli kwenye milima ambayo hata wanaume wanaiogopa kwenye picha. Asiyejua ni aliyehamia jana, na huyo nitamwambia kesho.

Mama yako


Machi 9

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, na safari hii sidanganyi. Huo mguu ulale nao juu ya mto, usiuonyeshe watu kama medali.

Mifuko imefika, wenzangu wameigombania. Mzee Breki, ndilo jina tulilompa bosi kwa sababu hamalizi sentensi bila kututajia breki, aliigeuza ndani nje. Akasema safari hii ikienda salama atakuagiza jozi thelathini nyingine, za kambi zote. Akaniuliza kama wewe ni mtu wa kuaminika. Nikamwambia kuliko mimi.

Tunaondoka Jumamosi tarehe 14, mimi na wageni watano. Siku mbili za kwanza ni kupanda. Jumatatu mchana tunashuka Ngazi. Ni njia ya mawe, upana wake kama kitanda chako, kulia ukuta wa mwamba, kushoto korongo. Pale kiongozi hutangulia, wageni hufuata mmoja mmoja. Kati yao yumo mwalimu mstaafu, mama wa umri wako. Anaogopa miteremko, ila anaogopa zaidi kuonekana anaogopa. Ungempenda.

Mvua imenyesha siku nne. Tumeijaribu mifuko kila siku. Imelowa, imekauka, imelowa tena, na ndani hakuna hata tone.

Usihangaike kupiga simu, kambini haishiki. Barua mpe Taratibu. Ijumaa hupanda hadi kituo cha ukingoni, nasi tutalala hapo Jumapili.

Binti yako


Machi 12

Mwanangu,

Marahaba. Habari nitakuuliza siku nyingine, leo soma haraka.

Usishuke Ngazi na mifuko ile.

Asubuhi fundi viatu alikuja, akaniuliza ule uzi mwekundu ni wa nini. Nikamjibu kwa kiburi kwamba ni uzi wangu wa mapazia, wa pamba safi. Hakubishana. Akaokota kipande cha mkanda kilichobaki, akakichovya kwenye ndoo, akaanza kukisugua kwenye ukingo wa meza ya cherehani huku ananisimulia habari za mteja wake. Alipochoka akanipa, akaniambia nivute. Mshono ukaachia mikononi mwangu, sikutumia hata nguvu.

"Pazia halibebi mzigo, mama," akasema.

Nashona mwaka wa thelathini huu. Nilijua uzi mweusi ni wa nailoni, na nilijua kwa nini bosi aliuleta. Nilitazama rangi.

Mkanda ukikatika, mfuko unaingia kwenye gurudumu, na wewe umenieleza mwenyewe upande wa kushoto kuna nini. Kwa hiyo mizigo bebeni mgongoni, au shukeni kwa miguu, mtajua wenyewe. Nilifikiria kwenda ofisi ya hifadhi wakutangazie kwa redio yao ya mawasiliano, lakini redio ile bosi naye anaisikiliza. Taratibu anapanda kesho, barua hii utaikuta kituoni. Bosi usimwambie kitu. Mkirudi niletee mifuko, nitaishona upya kimyakimya.

Mama yako


Machi 16, jioni

Mwanangu,

Nakuandikia bila kujua barua hii utaisomea wapi.

Leo saa nne asubuhi Taratibu amebisha mlangoni, matope mpaka magotini. Barabara ilikatika Ijumaa, gari likanasa, amekaa nalo siku tatu. Akatoa barua yangu kwenye mfuko wa shati, haijafunguliwa, anaomba radhi.

Nimekwenda ofisi ya hifadhi moja kwa moja, na viatu vya ndani miguuni. Karani akanionya kwamba ujumbe utasikika vituo vyote na kambini. Nikamwambia aandike. Akanisomea: "Mama wa kiongozi wa baiskeli anasema mishono ya mikanda ni mibovu, kosa ni lake mwenyewe, msafara usishuke." Akaandika na saa pembeni, saa nane kasoro dakika tano. Kituo cha ukingoni kikajibu kwamba mmeondoka tangu asubuhi, na askari wa hifadhi anachukua baiskeli kuwafuata. Baada ya hapo redio ikakoroma tu.

Nimekaa kwenye benchi mpaka wakafunga ofisi. Karani amenipa maji.

Mama yako


Machi 18

Mwanangu,

Bado kimya. Karani anasema ukungu umeziba mawasiliano. Fundi viatu ananiletea chakula na hatanii tena, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Niandikie hata neno moja.

Mama


Machi 20

Mama,

Shikamoo. Mwandiko usikutishe, natumia mkono wa kushoto. Mtulinga wa kulia, ule mfupa wa begani, umevunjika na ubavu mmoja una ufa. Daktari wa kambi amenifunga vizuri. Wageni wote ni wazima, hakuna aliyechubuka.

Tulifika juu ya Ngazi saa saba, ukungu umejaa. Nikaamuru tusubiri, tukanywa chai. Ulipofunguka, saa nane na nusu, nikatangulia. Nilikuwa nimepita kona ya kwanza niliposikia mtu anapiga kelele huko juu. Ni yule askari. Wageni wakasimama. Mimi nilisikia sauti, maneno sikuyasikia. Kwenye kona ya pili mkanda wa kushoto ukaachia, mfuko ukaingia kwenye gurudumu la nyuma. Nimebahatika kuangukia upande wa mwamba. Baiskeli ilienda ule upande mwingine. Nililala pale naisikia inagonga mawe, inagonga, halafu ikaacha kugonga.

Mwalimu ndiye aliyenifikia kwanza. Ameshuka kwa makalio, mama, njia nzima, na alinishika mkono mpaka machela ilipokuja. Zamu iliyofuata baada yangu ilikuwa yake.

Mzee Breki amefuta zile jozi thelathini. Hakutukana, alisema tu hawezi. Mimi nitarudi kazini mfupa ukiunga.

Kuhusu uzi, nilikasirika siku ya kwanza, ya pili ikapungua. Kambi nzima inakusifu. Wanasema si kila mtu anaweza kujianika vile kwenye redio. Mwalimu ameniambia amefundisha watu miaka arobaini, na wanaosema "kosa ni langu" bila kulizunguka anawahesabu kwa vidole. Nilijisikia fahari, kusema kweli.

Ila kuna kitu kinanikera. Askari anasema angepata ujumbe nusu saa mapema angetukuta tunakunywa chai. Nimelala hapa sina kazi, nimepiga hesabu. Barua zako zimenifikia, na umeandika mwenyewe kwamba Taratibu alikuja saa nne. Ofisi ni mwendo wa nusu saa. Yule karani alikuweka kwenye foleni masaa matatu? Nikipona nitakwenda kumwuliza nini kilikuwa na haraka kuliko sisi.

Binti yako


Machi 24

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko wa kushoto nimeusoma mara sita. Meza dawa, usijigeuze ovyo.

Karani muache. Hakukuwa na foleni, kalamu aliishika hata sijaketi.

Siku ile Taratibu aliponipa barua nilikwenda kweli moja kwa moja, nikafika mlangoni pa ofisi. Ndani redio ilikuwa inaongea, watu wa vituo wanapeana habari na kucheka. Nikasimama. Nikawaza wote wale watanisikia. Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Nikaketi kwenye kiti cha cherehani. Nilijiambia mtakuwa mmeona wenyewe kwamba mikanda imeanza kuachia. Nilijiambia ni mikanda mingi, kwa nini ukatike wako. Niliwaza zile jozi thelathini, na watu niliowatangazia. Kulikuwa na foronya ya mteja mezani, nikaishona. Niliishona mpaka mwisho, nikapiga pasi, nikaikunja. Ndipo nikainuka.

Hayo ndiyo masaa yako matatu. Na barua yangu ya jioni ile ilikudanganya.

Wanaonisifu kambini usiwaambie wewe, hiyo ni kazi yangu. Barabara imefunguliwa, Ijumaa napanda na Taratibu. Nitaanza na Mwalimu kama hajaondoka, halafu Mzee Breki. Gari linashuka jioni ileile. Ukitaka nibaki nikuogeshe na kukulisha mpaka mfupa uunge, nitabaki. Na kama hutaki kuniona, usijilazimishe kunieleza. Mwambie dereva aniwekee nafasi ya kurudi, mimi nitaelewa.

Mama yako