Daftari Lililofichwa Nyuma ya Maji

Mama yangu wa Kalenga,

Kamwene. Leo ni siku ya nne tangu Jumamosi, na akili yangu bado haijatulia. Asubuhi nimemimina chai mezani, kikombe kikiwa pembeni kinanitazama. Ofisini wananiuliza kama naumwa. Nawaambia ni baridi ya Uyole, wanakubali, maana hapa baridi inasingiziwa kila kitu. Siumwi. Nimerudi kule ulikonipeleka nikiwa na miaka mitano, nyuma ya maporomoko ya Kaporogwe, na nimetoka huko nikiwa sikujui.

Unakumbuka siku ile? Tulishuka ukinishika kiganja kwa nguvu mpaka kikauma. Maji yalikuwa yanaruka kutoka mdomo wa mwamba, na chini ya mdomo huo kuna uwazi kama chumba, unaingilia ubavuni, halafu unajikuta uko nyuma ya maji, dunia yote imebaki upande wa pili. Nililia. Ukaniambia, "Usilie. Maji yana safari yake, hayana habari na sisi." Kisha ukanigeuza niyatazame, ukasema nifumbe macho nihesabu mpaka ishirini. Nilihesabu mpaka kumi na mbili, nikarukia ishirini, kwa sababu katikati hapo sikuwa na uhakika. Nilipofumbua ulikuwa unajifuta mikono kwenye khanga, na kwapani ulikuwa na daftari. Lakini wewe ulikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Daftari kwapani lilikuwa kama sehemu ya mwili wako. Mtoto gani angeuliza?

Jumamosi wenzangu wa ofisini walipanga safari ya kwenda kuyaona. Nilikubali, ila moyoni nilijiwekea sharti: nitatazama maji, nitapiga picha, sitapanda kilima kwenda kwa babu, ingawa toka pale ni mwendo wa robo saa tu. Unajua kwa nini.

Miaka yote uliyokaa pale, mkamwana wa Kihehe katika ukoo wa Kinyakyusa, hukuwahi kuuona uso wa baba mkwe wako. Yeye naye hakuwahi kuuona wako. Jina lake hukulitaja, lako hakulitaja. Ukisikia kikohozi chake njiani uliingia kwenye migomba, ukachuchumaa, ukajifunika khanga, na mimi mgongoni nikafunikwa nayo. Bado naijua harufu yake, moshi na sabuni ya mche.

"Mama, kwa nini tunajificha?"

"Hatujifichi. Tunampisha."

Uliniambia ni heshima, ni desturi ya kwao, na kwamba hata yeye akikusikia hupinda njia ili akupishe. Nilikusikia. Sikukuamini. Nilipokua, shule ikanipa maneno ya kuielezea ile khanga, na yote yalikuwa maneno mabaya.

Kisha baba akafa, ukaomba uhamisho turudi kwa mama yako Kalenga. Siku ya kupakia vitu kwenye pikapu, babu alisimama kwenye migomba, kofia mkononi, ametupa mgongo, mpaka gari likaondoka. Nikakuuliza kwa nini hatuagi. Ukasema, "Anaaga." Nilikuwa na miaka saba. Nikaamua palepale kwamba mtu yule hatutaki, na kwamba wewe ni mpole mno kulisema. Nimetembea na uamuzi wa mtoto wa miaka saba mpaka nikapata digrii.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili hukuliona. Siku ya kukuzika, miaka miwili iliyopita, jirani alikuja kuninong'oneza kwamba kuna mzee amesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi. Hataki kuingia, hataki kiti. Nikatoka. Alikuwa yeye, ndani ya koti zito la kwao Rungwe, jua la Iringa linamwakia, na ameupa mgongo msiba wako. Nilikuwa sijala siku mbili. Nikavuka barabara, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Akiwa hai hukutaka kumwona. Leo umefuata nini? Rudi kwenu."

Hakugeuka. Alivaa kofia, akaenda kituoni. Mjomba mmoja alinipigapiga begani akasema, "Umesema, binti." Nikajiona nimekulinda.

Basi Jumamosi, juu ya ngazi za kushukia kwenye maporomoko, alikuwa amekaa mama mmoja anayeongoza wageni, fimbo mkononi. Aliwaacha wenzangu wapite. Mimi akanikazia macho, akasimama.

"Gwe! Wewe si wa mwalimu?"

"Mwalimu gani?"

"Usinitanie. Mwendo wako huo nani mwingine anao? Watu wa Kalenga mnatembea kwenye matope kama mnapiga pasi."

Alikuwa shangazi Bupe, dada mkubwa wa baba. Nilimwamkia huku natafuta upenyo wa kumkwepa. Akanishika mkono.

"Hao waache wapige picha zao. Wewe una kitu chako huku."

"Shangazi, shikamoo nimekupa, ila kwa babu sipandi."

"Nani kakwambia tunapanda? Tunashuka."

Chumba ni kilekile, mama. Nilidhani kitakuwa kimepungua kama vitu vyote vya utotoni, lakini hakijapungua. Maji yanashuka mbele yako, meupe, mazito, na sauti yake unaisikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Shangazi alikwenda mpaka mwisho, penye ufa kwenye mwamba, akasogeza jiwe bapa, akatoa ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Ndani kulikuwa na mfuko wa nailoni, ndani yake mwingine, na ndani ya huo kaunta buku tatu. Akanipigia kelele sikioni: "Hii moja ni ya mama yako na babu yako! Hizi mbili ni za babu yako peke yake!"

Nikafungua ile ya kwanza. Mwandiko wako. Mama, niliujua kabla sijasoma hata herufi moja, zile "a" zako za mviringo ulizotufundisha sote. Mstari mmoja wako, a e i o u, na chini yake mstari wa mtu anayeandika kama anachimba shimo. Pembeni, kwa peni nyekundu: *Vizuri. Rudia e.*

Sikuelewa. Shangazi ikabidi anitoe mpaka kwenye mlango wa pango, sauti inaposikika, anieleze taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa. Kwamba babu alikuwa mzee wa kanisa na hakujua kusoma. Nyimbo zote alizishika kichwani, kitabu alikishika mkononi, na hakuna aliyejua, hata wanawe. Ni wewe uliyejua. Wewe uliyekaa benchi la nyuma, usiyeruhusiwa kuona chochote chake ila mgongo, uliona kwamba wenzake wakifunua ukurasa, kiwiko chake hakisogei. Ukamwambia shangazi, "Mwambie mzee kuna daftari nimelisahau nyuma ya maji." Na yeye, baada ya siku tatu, akamjibu shangazi, "Mwambie mwalimu nitalitunza."

Darasa la ngumbaru la mwanafunzi mmoja. Alfajiri alishuka yeye. Jioni, ukitoka shule, ulishuka wewe. Sauti ya kila herufi uliipitisha kwa shangazi. Kitu cha mkononi mwake hukuruhusiwa kupokea, basi jiwe likakupokelea. Miaka mitatu, mama! Nilikuwa nakula ndizi ukisema zimetoka shuleni. Zimo humu. *Mwalimu leo mvua. Ndizi za mtoto nimeacha chini ya jiwe.* Na wewe, kwa nyekundu: *Vizuri sana. Mtoto amekula tatu.*

Na chini kabisa ya ukurasa wa kwanza alioandika sentensi nzima peke yake, uliandika: *Hili ni letu, mzee. Hata mtoto hatajua.*

Mtoto ni mimi. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Ulimtunzia siri yake mpaka kaburini, na mimi ukaniacha nimchukie. Ulikuwa unaniona namchukia! Nilipokuwa kidato cha nne niliandika insha nzima juu ya khanga ile na migomba ile, nikakusomea jikoni. Ulisikiliza huku unakoroga ugali, ukasema, "Umeandika vizuri." Sasa najua ulikuwa unasahihisha mwandiko tu.

Zile mbili nyingine ni za baada ya sisi kuondoka. Ameandika peke yake, karibu miaka ishirini. Kuhusu kahawa, mvua, meno yake, kifo cha ng'ombe mwekundu. Kila ukurasa unaanza *Mwalimu*, kwa sababu jina lako hakulitaja hata kwenye karatasi. Na kila ukurasa, pembeni, amepiga mstari kwa rula akaacha nafasi ya peni nyekundu. Nafasi hiyo ni tupu kurasa zote.

Miguu ilipomshinda kushuka huko, shangazi akawa anamshushia daftari na kulirudisha, kwa sababu babu alikataa likae nyumbani. Ukurasa wa mwisho nitakuandikia kama ulivyo:

*Mwalimu. Nilikuja kwako. Nilijua mjukuu atanishika mkono aniingize. Nikiwa naye sitaona haya. Mjukuu amesema nirudi. Nimerudi. Usimgombeze. Ana sauti kama ya mwalimu.*

Nilikaa chini, kwenye tope, na suruali yangu ya safari. Maji yalikuwa yanashuka hatua tatu mbele yangu na niliacha kuyasikia. Sijui ni kwa muda gani. Mwenzangu mmoja wa ofisini alinipiga picha nikiwa nimekaa vile, akanitumia jioni, ameandika, "Umetoka bomba." Ninayo. Nikiitazama namwona mwanamke aliyepigwa kofi na mtu asiyeonekana.

Nilipanda, mama. Hakuna aliyenilazimisha. Manyunyu yalikuwa yameanza, shangazi akanipa khanga yake moja nikajifunika kichwani, tukakata katikati ya migomba. Babu alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anapukuchua maharage. Alikuwa amepungua sana, koti lilelile limebaki kubwa kuliko yeye. Akasikia majani. Akainua kichwa.

Akaona mwanamke wa mwendo wa Kalenga, khanga kichwani, anatoka kwenye migomba yake.

Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika uani. Mzee ambaye shangazi alisema hasimami bila kushikiliwa alisimama, akavua kofia, akageuka, akanipa mgongo.

Alidhani ni wewe.

Shangazi alitaka kupaza sauti amwambie ni mjukuu. Nikamziba mdomo, Mungu anisamehe, nilimziba mdomo shangazi yangu kwa kiganja. Nilitaka upishwe, angalau kwa dakika moja. Nikasimama pale na khanga yangu, nikautazama ule mgongo. Ni uleule wa siku ya pikapu, na uleule wa ng'ambo ya barabara siku ya msiba wako. Ulikuwa unatetemeka kwa juhudi ya kusimama wima.

Kisha nikamzunguka, nikapita mbele yake, nikamshika mkono. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayehesabu.

"Babu, ni mimi. Ni mtoto wa mwalimu."

Akafumbua jicho moja. Halafu la pili.

"Umenitisha," akasema. "Nimedhani nimeshafika huko."

Akaugeuza mkono wangu, akaupima kwa kidole gumba. Ndipo akanipa ule utani ambao babu wengine huwapa wajukuu zao tangu wakiwa wachanga, na mimi sikuwahi kumpa nafasi: "Mke wangu, mkono gani huu, wa baridi na mifupa? Huko mjini wanakulisha karatasi?"

Nilianza kuomba msamaha. Nilifika kwenye neno barabara, nikakwama. Akanikatiza.

"Nilishamwandikia mwalimu. Nilimwambia asikugombeze."

Tukaokota maharage, watu watatu, kwenye manyunyu, moja moja.

Jana nimepita Mwanjelwa kununua peni nyekundu. Ipo hapa mezani, karibu na chai iliyomwagika. Babu ameniruhusu nikae na madaftari kwa wiki moja. Nimefungua ukurasa wa mwisho, nimeiweka peni kwenye ile nafasi aliyokuachia, nikaiondoa. Si kazi yangu kumsahihisha. Na hakuna kosa. Nimetafuta.

Bado nimekukasirikia kidogo. Itapita, au haitapita, nitakuja kukuambia.

Jumamosi hii tunakuja Kalenga, yeye na mimi. Nimewaambia wajomba. Tutashuka kwenye basi, na pale ng'ambo ya barabara, palepale nilipomfukuza, ndipo nitakapomshika mkono, nimvushe, nimpitishe uani mbele ya watu, mpaka ulipo. Amesema hatakaa sana. Ameniuliza jambo moja tu: kichwa chako kimelala upande gani, ili ajue asimame vipi.

Kwa hiyo akifika atavua kofia na kukupa mgongo, mama. Nitasimama mbele yake nimtazame usoni muda wote, kwa sababu wewe hukuwahi. Ukiniuliza uso huo ukoje, nitakusimulia.

Lala salama mpaka tuje.

Mwanao,
mtoto wa Mwalimu