Soketi ya Simu kwenye Landrova

Mjukuu wangu Komora,

Huku Garsen tu wazima, na nyanya yako bado anagomba. Umeuliza niitoe ile soketi ya kuchajia simu niliyoitobolea dashibodi ya Landrova yangu kuukuu, au unitumie betri mpya.

Juzi soketi hiyo ilimaliza betri, gari likakataa kuwaka, nami nachelewa harusi kijijini Wema. Wafugaji sita waliokuwa wakichaji simu zao humo wakalisukuma. Lilipowaka niliogopa kusimama lisije likazima, nikaenda na simu zao. Walinifuata kwa pikipiki mbili mpaka harusini, wamenuna, wakapewa pilau. Wakati wa kurudi likagoma tena. Wakalisukuma, na safari hii simu zao zilikuwa mifukoni mwao.

Kwa hivyo soketi ibaki, na betri usitume.

Babu yako