Pacha Wangu, Nenda Ukapime Tezi

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili asubuhi

Mpendwa pacha wangu,

Hujambo? Na huyo aliyemo tumboni, anacheza? Shemeji je, kashajua kupika uji au bado anauunguza? Huku wote wazima, isipokuwa mimi. Nimeona heri niandike, maana kwenye simu ningelia tu.

Ule uchovu niliokulalamikia ulizidi. Nikawa nashona nimejitanda blanketi wenzangu wakitokwa jasho, nywele zinabaki kwenye kitana. Juzi nimemshonea fundi bomba suruali, zipu nikaiweka nyuma. Akaigeuzageuza, akauliza, “Fundi, hii naivaa nikija au nikiondoka?” Tulicheka, halafu nikajifungia nikalia. Mimi, zipu!

Daktari kanipima damu. Kumbe ni tezi ya shingoni, ileile iliyomvimba mama. Askari wa mwili wangu wenyewe wanaishambulia wakidhani ni adui. Nikamuuliza, nani kawatuma? Akasema hutembea ndani ya ukoo, ila kurithi peke yake hakutoshi. Huwa pana kichochezi: pengine maambukizi, uzazi, madini joto ya kwenye chumvi yakipita kiasi, na mengine hata wao hawayajui.

Hapo ndipo nilipopotea. Mimi na wewe si yai moja? Tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja mpaka ulipoolewa. Basi nini kilinipata baada ya hapo? Ile homa iliyonilaza? Kuzaa kitinda mimba? Maji ya kisima? Kila jibu linanizalia swali.

Dawa nimeanza, kidonge kila asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni. Nikiwa nainuka, daktari akauliza, “Na pacha wako kapimwa?”

“Yuko mbali, tena mjamzito.”

Akaweka kalamu chini. “Mwambie asisubiri kuumwa. Mtoto aliye tumboni anaitegemea tezi ya mamaye.”

Kaka kanikataza nisikutishe. Shangazi kasema nikinyamaza hatanisamehe. Nami sijui nimtii nani, ndiyo maana barua hii nimeichana na kuianza upya mara kadhaa.

Nenda ukapime, tafadhali. Ukikutwa nayo, nitajiona nimekuambukiza, ingawa najua haiambukizwi. Ukikutwa huna, nitamshukuru Mungu, kisha nitakuonea wivu, kisha nitaona haya. Nenda tu.

Kaka, shangazi na watoto wanakusalimu, msalimie shemeji. Mungu akushushe salama.

Nusu yako, nikupendaye,
Pacha