Hesabu za Shemeji

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba yule mdogo jino limeshatoka na sasa anawaacha mlale. Mimi sijambo, nakula, nalala, naamka. Najisikiaje, usiniulize.

Barua yako nimeipata. Umefanya vizuri kuandika, maana simu yako kila ikiita anaipokea shemeji. Umeniuliza neno moja tu: shemeji asaini pambano la mwezi ujao au asisaini. Umesema kocha anamsifu na mashabiki wanamsifu, lakini wewe unamwona pale nyumbani anauma maneno, anaulizia chai yake na kikombe anacho mkononi, na akiudhika ananyamaza jii mpaka jioni. Umesema mimi ndiye mwenye hesabu, nikuambie. Haya, nitakuambia, ila univumilie nianzie mbali kidogo.

Nyumbani mmezoea kunitania kwamba nalipwa kutazama watu wakipigana. Si uongo. Chumba changu pale jimu kiko nyuma ya stoo ya mikeka. Kina meza, kompyuta, na feni inayokwaruza. Kabla ya kila pambano natafuta video zote za mpinzani, nazisimamisha, nazirudisha, nahesabu. Akipiga teke anashusha mkono gani, akichoka anakimbilia upande upi, akiangushwa huchukua sekunde ngapi kuinuka. Mwisho natoa karatasi moja tu, kwa sababu kocha akipewa mbili ananijia juu.

Shemeji mwanzoni alinicheka mpaka akashika mbavu. Aliniambia niende dukani nikahesabu sabuni. Kisha nikamwonyesha kwamba yule jamaa waliyekuwa wanamwita Kiberiti, katika mateke ishirini na matatu, mara kumi na tisa alishusha mkono wa kulia. Raundi ya pili jamaa akapiga teke, mkono ukashuka, shemeji akamlaza chali. Tangu siku hiyo ananiita Karani, na ukitaka kujua ukweli nilipenda kuitwa hivyo. Kwetu mimi nilikuwa mtu wa kutumwa tu. Pale nilikuwa mtu wa kusikilizwa.

Sasa lile pambano la mwisho. Ulikuwepo, ulikaa safu ya tatu, ulipiga kelele mpaka sauti ikakukauka. Shemeji alizunguka kizimba kwa upande wa kulia raundi zote tatu, hakusimama, na akashinda kwa pointi. Mtangazaji alisema ameleta mtindo mpya. Kocha alinishika mkono mbele ya watu wote akasema ushindi ule ni wa kwangu. Wewe mwenyewe ulinikumbatia ukaniambia asante kwa kumlinda mume wako.

Dada, ule haukuwa mtindo.

Wiki tano kabla ya siku ile kocha aliniagiza nimchunguze mtu wetu wenyewe, nimtazame jinsi adui angemtazama, ili tujue wenzetu wataona nini. Ni jambo la kawaida kwenye kazi yetu. Karatasi ya namna hiyo ina safu mbili: vya kutumia na vya kuficha. Nikachukua video zake za miaka miwili, za mapambano na za mazoezi, nikahesabu. Zamani, katika kila ngumi kumi zilizomjia upande wa kushoto, alikwepa saba. Mwaka jana tano. Mwezi ule, mbili. Nilidhani nimekosea, nikarudia tangu mwanzo. Zikaja zilezile. Tena mara mbili, kengele ilipolia, alikwenda kukaa kwenye kona ya mpinzani, na mwenzake wa mazoezi akamshika bega akamgeuza. Wote walicheka. Hata yeye alicheka.

Nilipaswa kukupigia siku hiyohiyo. Badala yake niliandika kwenye safu ya vya kuficha: upande wa kushoto, na kona. Ndivyo nilivyozoea; kwetu udhaifu ni kitu cha kufichwa ili mpinzani asiuone, na mimi nikauficha vizuri mno. Mimi ndiye niliyesema azunguke kulia, ili ngumi za upande ule zimfikie kwa taabu. Ile taulo nyekundu iliyowekwa kwenye kiti chake, ambayo mashabiki wanadhani ni ya bahati, ni wazo langu pia. Ilikuwa ya kumwonyesha pa kukaa. Daktari alipompima kabla ya pambano nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikajitia hamnazo.

Na usidhani tulimkinga. Usiku ule alipigwa kichwani mara thelathini na nne. Nilizihesabu, ni kazi yangu. Chini yake nikaandika: anavumilia vizuri.

Nimekaa na karatasi hiyo miezi minne. Sikulia hata mara moja, dada, sikufichi. Niliendelea kuhesabu watu wengine. Barua yako ilipofika, nilipofikia pale pa kikombe cha chai, nilichukua kalamu nikaandika tarehe pembeni, kama ninavyofanya kwenye video. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: asisaini. Na hata akisaini, hatapigana. Jana asubuhi nilichapisha hesabu zote, kurasa sita, nikampelekea yule daktari anayetoa vibali vya wapiganaji. Kabla ya kwenda nilimwambia kocha. Alisema nikitoka na karatasi zile nisirudi, nikamwachia ufunguo mezani. Daktari alisoma zote taratibu. Alisema kibali anakizuia kuanzia jana, na kwamba shemeji apelekwe akapigwe picha ya kichwa wiki hii hii. Barua ya kumwita iko njiani. Usimwache aende peke yake. Kama yaliyoharibika yatarudi au hayatarudi, daktari hakutaka kuniambia.

Kisha aliniuliza nilianza kuona lini. Nikamtajia tarehe, akaiandika. Akaniuliza kama nina undugu na mgonjwa. Nikamwambia ni mume wa dada yangu, ndiye aliyenipokea mjini, nilikula kwake miaka mitatu. Akaacha kuandika, akanitazama.

Sikuombi unisamehe leo. Kasirika kwanza, unayo haki. Ukitaka kunitukana, niko nyumbani siku nzima sasa.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Wasalimie majirani wa mlango wa pili, na umpe pole yule mama anayeumwa mguu. Shemeji usimpe salamu zangu kwanza. Msomee barua hii yote, polepole, ukae upande wake wa kulia. Akishaielewa, kama bado atazitaka, ndipo umpe.

Ni mimi mdogo wako,

Karani