Picha Niliyoirudisha Mwanzo

Mke wangu Sikudhani,

Ninakuandikia nikiwa sebuleni, saa nane mchana, TV nimeizima na mapazia nimeyafungua. Ungenikuta hivi ungedhani nina homa. Ulizoea kunisema kwamba mwanajeshi akistaafu hana kazi nyingine ila kufunga mapazia jua likiwaka na kuangalia picha. Sikubishi. Miaka mingi nilisimama, nikapiga kwata, nikalinda mageti ya watu wasionijua hata jina. Nilipovua magwanda nikaona sasa ni zamu yangu ya kukaa. Nawe ukakaa na mimi, kiti chako kushoto, changu kulia, kistuli cha chai katikati.

Hukuwahi kumaliza picha hata moja, tuseme ukweli. Yule mtafsiri wetu anayetia Kiswahili kwenye picha akishaanza kupayuka juu ya sauti za Wachina, "Oyaa, jamaa kaingia kichwa kichwa!", wewe kidevu kimeshaangukia kifuani. Picha ikikaribia mwisho unashtuka, unajifuta mdomo kwa upindo wa kanga, unauliza, "Amekufa nani?" Kila siku, hata kama tulikuwa tunaangalia picha ya harusi. Nikikueleza unanikata jicho. "Mbona hukuniamsha?" Halafu tunacheka, unakwenda jikoni. Nilikuwa sikuamshi makusudi, kwa sababu nilipenda kuulizwa.

Maneno yako hayo mawili sijawahi kumwambia mtu. Hata Anjela mwanetu hayajui, maana aliolewa Songea kabla hatujainunua TV hii, na tangu uondoke nimekwepa kabisa kuzungumza habari za kile kiti. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo yaliyotokea likizo hii hayana maana yoyote.

Anjela alikuja mwezi huu wa sita, shule zilipofungwa, na binti yake Koleta. Ulimwona mara moja tu, akiwa mgongoni kwa mama yake. Sasa ana miaka tisa na mdomo usiofungwa. Nyumba yetu ya Kihonda ikapata uhai ghafla: sufuria zinagongana, nguo za kitoto kwenye kamba, mtu anauliza kwa nini milima ya Uluguru imevaa mawingu wakati huku chini jua linachoma. Tulikwenda Dakawa kuchukua mchele kwa mwenzangu wa kikosini, Koleta akaingia kwenye majaruba na viatu vyake vya kanisani. Jioni hiyo nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona aibu, kama mtu aliyecheka msibani.

Mchana tulikuwa tunaangalia picha. Anjela anakaa pembeni yangu, Koleta anajilaza mkekani, kiti chako kipo na mto wake. Hakuna aliyekikalia. Sikuwakataza, ila hawakukikalia.

Kisha kaka yako mkubwa akapiga simu kutoka Kinole. Mwaka umetimia, akasema, jina la dada yake lisiendelee kulala chini, na wa kulirithi ni Koleta, kwa kuwa ni mtoto wa binti yako na kwenu ukoo unashuka kwa mama. Mimi ukoo huo niliuoa tu, sikuzaliwa humo, kwa hiyo nikaitikia ndiyo.

Tulipanda Jumamosi asubuhi, Anjela akiwa kwenye usukani. Tulipoacha Kiroka tukaanza kupanda, mawingu yakashuka mpaka barabarani, tukawa tunakwenda kwa kubahatisha. Koleta, aliyekuwa hajanyamaza tangu Bigwa, akanyamaza. Uani kwenu walikuwa wameanika mdalasini chini ya turubai kwa sababu ya manyunyu, na harufu yake ilikuwa ile ya nguo zako za zamani. Nilisimama pale nikaona kabisa kwamba nitalia mbele ya mashemeji, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kabla ya jina kukabidhiwa, kaka yako akanisimamisha mbele ya watu wote.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa naye. Tuelezee, mwenzetu aliondokaje?"

Nikasema yale yale niliyosema siku ya mazishi: kwamba ulilala kitandani salama, na alfajiri nilipokugusa nikakuta umeshatangulia.

Mzee akaniangalia. Unajua anavyoangalia, kama anapima mbao.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, shemeji."

"Nakuuliza mara ya pili kwa sababu jina likipokewa juu ya uongo, mwenye jina haendi. Anabaki palepale, kwa huyo aliyempokea. Na mtoto ni mdogo, hana nafasi ya watu wawili."

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

Wakamkalisha Koleta mkekani, wakamfunika kanga yako ya zambarau, wakamnywesha maji kwa kata, wakamwita kwa jina lako mara tatu. Mara ya tatu akaitika. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaanza utani wao, "Sikudhani, mbona umekonda, huko ulikokwenda hawakupi ugali?" Wakanisukuma mbele nimwamkie mke wangu. Nikamtania kama babu yeyote anavyomtania mjukuu wake: "Mke wangu, hujambo?" Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, Sikudhani, baridi ya chupa iliyolala mtungini. Nikajiambia ni ukungu tu.

Tulirudi Jumapili baada ya misa. Anjela akaingia jikoni, mimi nikafunga mapazia na kuweka picha ya vichekesho ili mtoto achangamke, maana njia nzima alikuwa amejikunyata ndani ya kanga yako. Alipoingia sebuleni hakuutazama mkeka wake. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti chako. Akauinua mto, akaugeuza upande wa pili, akaketi.

Niliacha kuangalia picha, nikautazama mto. Upande ule wa pili una doa la chai, na mimi ndiye niliyeugeuza mto ili lisionekane. Nilikuwa peke yangu humu ndani nilipofanya hivyo. Sasa ngoja niandike jinsi doa lile lilivyopatikana, kwa sababu wewe tu ndiye unayejua, na hata wewe hujui yote.

Ilikuwa Jumapili kama ile, saa kumi kasoro. Ulikuwa umeshika kikombe, umeshasinzia. Nikasikia kikombe kikianguka kwenye mto. Nikageuka nikuchokoze, nikaona mkono wako umeachia kwa namna ambayo mtu aliyelala haachii. Nikaangalia kucha zako. Nikaangalia mdomo. Mke wangu, nilipigana vita ya Uganda, nilibeba wenzangu mabegani. Najua kulala kukoje, na lile lingine najua likoje. Nilijua palepale, kabla mtafsiri hajamaliza sentensi yake.

Nikageuza uso nikaangalia picha.

Unakumbuka niliwahi kukusimulia habari ya yule mwenzetu tuliyemwegemeza kwenye mti karibu na mpaka? Tulikaa naye asubuhi nzima, tunamsemesha, tunamfukuzia inzi, na hakuna aliyesema kwamba ameshakufa mpaka lori lilipofika. Tuliogopa kwamba likishatamkwa itabidi tunyanyuke. Ulinisikiliza, ukaweka chini mchicha uliokuwa unachambua, ukasema, "Mimi siku yangu useme. Usiniache nimekaa kama mjinga." Nikakuahidi.

Ahadi hiyo niliivunja. Picha ilipofika mwisho, pale unaposhtukaga, nikasubiri. Nikasubiri uniulize amekufa nani. Mtafsiri akaaga watazamaji wake, kioo kikawa cheusi, nikajiona humo mimi na wewe tumekaa. Nikainuka, nikairudisha picha mwanzo. Niliiangalia yote tena, na nilikuwa nacheka pale pa kuchekea, kwa sauti, ili usikie. Ilipokwisha mara ya pili ndipo nikakubeba kukupeleka kitandani. Kulipokucha nikamwita jirani na kumpa ule uongo nilioupeleka Kinole mara mbili.

Sasa turudi kwa mtoto. Alisinzia kabla picha haijafika kati, kidevu kifuani. Kuelekea mwisho akashtuka, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga, akanitazama.

"Amekufa nani?"

Picha ilikuwa ya vichekesho. Hakuna aliyekufa humo.

Nikajibu, "Hakuna, mke wangu," nikijaribu kuufanya utani. Hakucheka. Aliendelea kunitazama mpaka mama yake alipomwita kula. Baadaye nikamfuata Anjela jikoni.

"Umemfundisha huyu mtoto maneno ya mama yako?"

"Maneno gani tena, baba?"

Jumatatu ikawa hivyo hivyo. Jumanne pia. Nitakwambia jambo ambalo padri sijamwambia: nilifurahi. Niliogopa, lakini nilifurahi. Jumatano nikanyoa ndevu na kuvaa shati la kijani ulilonipigia pasi mwenyewe mara ya mwisho, nikakaa kwenye kiti changu mapema, nikisubiri usinzie, ili uamke. Nikawa napanga mambo kichwani. Nikamwambia Anjela amwache Koleta asome hapa Morogoro, babu ni mpweke. Akasema atafikiri.

Lakini mtoto alikuwa anakwisha. Chakula anadokoa. Mikono haipati joto hata akiota jua uani. Ukimwita Koleta hageuki. Ukisema Sikudhani anageuka na macho ya mtu aliyechoka sana. Alhamisi Anjela alimpeleka hospitali, wakampima hiki na kile, wakasema hana ugonjwa. Alirudi naye akiwa amembeba, na mtoto wa miaka tisa si wa kubebwa. Anjela alikuwa analia bila sauti, kama ulivyokuwa unalia wewe, akijipa shughuli ya kukunja nguo.

Jana hata picha sikuweka. Koleta alikuja mwenyewe, akaugeuza tena mto niliokuwa nimeurudisha, akaketi, akalala. TV ilikuwa nyeusi. Baada ya muda akashtuka, akajifuta mdomo.

"Amekufa nani?"

Nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimekuua mara ya pili, na yeye pamoja nawe.

"Wewe," nikasema.

Akanikata jicho. Lile lile.

"Mbona hukuniamsha?"

Hilo alikuwa hajaliuliza siku zote hizo. Nikapiga magoti kwenye sakafu, mimi mzee mzima, nikaishika mikono yake ya baridi.

"Niliogopa kukuamsha nikakuta huamki."

Sahani ikalia mlangoni. Anjela alikuwa amesimama na trei ya chai. Aliiweka mezani taratibu, hakumwaga hata tone.

"Baba, mama alifia hapa?"

"Hapa."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi kasoro. Mchana."

Alitazama doa lililochungulia ubavuni mwa mtoto, akatazama mtoto, akanitazama mimi. Nilitegemea anitukane, nilitamani anitukane. Alisema tu, "Kesho tunarudi Kinole. Utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako." Tangu hapo hajanisemesha zaidi ya shikamoo.

Ndiyo maana ninaandika. Gari lipo nje, Anjela anafunga milango ya nyuma. Nikishasimama mbele ya kaka yako na kusema ukweli, watalikabidhi jina upya, na safari hii litapokewa na mtoto peke yake. Atakuwa Koleta mwenye jina la bibi yake, atapiga kelele kutoka Kiroka mpaka Bigwa, na kiti chako kitakuwa kiti. Hakuna atakayeniuliza tena. Nikinyamaza, nitakuwa nawe kila mchana mpaka mtoto aishe. Nimekaa na mawazo hayo mawili usiku kucha, na sikudanganyi, yalikuwa yanalingana uzito mpaka kulipokaribia kupambazuka.

Naogopa, mke wangu. Siwaogopi shemeji zangu, hata wakinifukuza. Naogopa nyumba hii nitakaporudi. Nimeizoea hofu ya kuwa nawe kuliko nilivyowahi kuzoea amani ya kuwa peke yangu. Lakini ulisema niseme, na nilikuwa sijasema.

Uniwie radhi kwa ile picha ya pili. Uniwie radhi kwa kucheka. Nenda salama, tena nenda mbali, usigeuke hata ukisikia naita, maana najijua, nitaita.

Mtoto amelala kwenye kiti chako ninavyoandika mstari huu. Kidevu kifuani, kanga imemteleza begani. Anjela anapiga honi. Naweka kalamu chini sasa, nainuka, nakushika bega kama nilivyotakiwa kukushika siku ile.

Amka, Sikudhani. Picha imekwisha.

Mumeo,
uliyekuwa unamwita Afande