Kanda nne za Mama

Kasulu, Jumamosi, 17 Agosti 2013

Nimevunja, na sijutii.

Mama anataka kurekodi mazoezi ya kwaya juu ya kanda zake nne za ile bendi ya Wazungu ya miaka ya themanini. Eti ameokoka, hana kazi nazo tena. Leo mchana nimezisikiliza zote upya. Zamani nilifuata gitaa na kinanda tu. Sasa niko kidato cha tatu, Kiingereza nakielewa. Kumbe yule mwimbaji anaimba tu jinsi anavyopakumbuka kwao! Dhambi iko wapi?

Basi nikachukua kisu, nikang'oa vile vimeno vya plastiki vya juu ya kanda, ili redio isikubali kurekodi.

Jioni Mama akabonyeza kitufe cha kurekodi, kikagoma. "Nani kafanya hivi?"

Kaka Filbert akacheka. "Si huyo bubu wako, Mama. Nyimbo za wazee zimemroga."

Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono, nikasema, "Ni mimi. Ulizipenda, Mama. Kwaya itafute kanda zake."

Hakunipiga. Aliichomoa tu kanda redioni, akairudisha kwenye kasha lake.

Najua anaweza kuziba kwa karatasi matundu ya vile vimeno akarekodi. Akiziba, nitabandua.