Mtu Mmoja, Nchi Mbili, Dakika Nne

Busia, upande wa Uganda

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza (Babu asisikie),

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unasema "haya, haya" halafu unakata kabla sijafika kwenye habari yenyewe. Na wewe Mwajuma, binamu yangu unayemsomea, usiruke mahali. Nikija nitamuuliza.

Goti lako linasemaje? Mvua ya Kondoa imeshuka, au bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima. Ile malaria imekwisha na mwili umerudi, maana watu wa hapa hawamwachi mgeni akonde. Wananipa ugali wa mihogo na wimbi, ndio ulezi wetu, mweusi, mzito. Ukimaliza sahani wanakuuliza kama unaumwa, mbona umekula kidogo.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nikakujibu kwa maneno mengi usielewe, ukasema basi Mungu akulinde. Ni hivi: wenye biashara hapa wana anwani zao za baruapepe, na barua zao zote hupitia kwenye mashine moja kubwa tunayoiita seva. Bosi wangu, Mzee Othieno, anakaa ofisi kuu kule Tororo. Mimi niko tawi la Busia, hatua chache kutoka geti la mpaka. Barua zikigoma kutoka, watu wanakuja kwangu. Zikitoka vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba nipo. Naipenda kazi hii.

Sasa nikupe kisa cha wiki iliyopita. Najua utanicheka, na ninastahili.

Alhamisi aliingia ofisini Mama Nabwire, mteja wetu kutoka Bulumbi mwenye duka hapa mpakani, jasho linamtiririka. Yeye hununua vifaranga vya siku moja Kenya kwa niaba ya akina mama sita wa kijijini kwao, mwenyewe akiwa mmoja wao. Kila mmoja na boksi lake, jina limeandikwa juu. Siku hiyo maboksi yote yalikuwa kwenye yadi upande wa Kenya, yanasubiri kibali cha ofisi ya mifugo. Ofisi hiyo ilitaka barua ya maombi kutoka kwenye anwani ya biashara iliyosajiliwa, si nyingine, wala si kwa simu. Na barua hiyo ilikuwa haitoki.

"Hamadi, hii kitu inakataa," alisema. "Natuma kwa simu, inakataa. Nakuja kwa kompyuta ya duka, inakataa. Na hii toto ya kuku inakaa siku mbili bila maji, ya tatu inakufa. Leo ni ya tatu."

Nikamwambia amekosea neno la siri. Nilimwambia mara tatu, Bibi, kwa sauti, mbele ya wateja wengine. Akaliandika mbele yangu herufi moja moja, na lilikuwa sahihi. Akavuka kwenda kuangalia vifaranga, akarudi, akavuka tena.

Nikampigia Mzee Othieno.

"Mlango wa barua kutokea kwenye seva uko wazi?" aliuliza.

"Uko wazi."

"Seva yetu haijaandikwa kwa ile orodha ya watu wa barua taka?"

"Hatumo."

"Wateja wengine wanatuma?"

"Wanatuma."

"Basi wacha kusumbua seva, kijana wangu. Shida iko kwa huyo mama peke yake. Soma kumbukumbu zake, mstari kwa mstari."

Nikasoma. Kila Mama Nabwire alipojaribu kutuma, seva ilikuwa imeandika: mtu mmoja, nchi mbili, dakika nne, barua izuiwe kwa saa moja. Akiwa yadi, simu yake inashika mtandao wa Kenya. Akiwa dukani, kompyuta yake iko kwenye mtandao wa Uganda. Seva ikadhani mwizi yuko nchi hii na mwenye mali yuko nchi ile. Na kila akijaribu upya, ile saa moja inaanza kuhesabiwa upya. Alikuwa anajifungia mwenyewe kwa kuhangaika.

Na kanuni hiyo nani aliiandika? Mumeo. Nilipofika hapa, mteja mmoja alikuwa ameibiwa anwani yake ikatumiwa kutuma takataka, ndipo nikaiweka, kifua mbele. Kwetu Kondoa mtu anayekwenda nchi nyingine anaaga mtaa mzima. Hapa mtu anakwenda Kenya kununua mkate na anarudi kabla chai haijachemka. Nilikuwa nawaona kila siku kwa macho yangu haya mawili, na sikufikiri.

Niliifuta ile kanuni pale pale. Lakini kwenye foleni kulikuwa na barua yake ile ile mara kumi na moja, na zikitoka zote kwa pamoja mashine ya ofisi ya mifugo ingezitupa ikidhani ni takataka. Nikafuta kumi, moja moja, nikihesabu kwa sauti nisije nikaifuta na ya mwisho. Nikaiachia hiyo moja. Ikaandikwa: imepokelewa.

Kibali kilikuja kabla ya alasiri. Tulikimbia wote wawili mpaka yadi. Maboksi matano yalikuwa yanapiga kelele, sijawahi kufurahia kelele namna ile. La sita, lililokuwa chini kabisa bila hewa, lilikuwa kimya. Mama Nabwire alilifungua, akalifunika, akalibeba mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini tulipovuka geti nilimwambia, "Mama, ile kanuni niliandika mimi. Wewe hukukosea kitu."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Saa ile uliacha kusema paswadi, nilijua." Tukatembea kidogo. "Jumapili unakuja Bulumbi. Hii maneno si yangu peke yangu."

Mzee Othieno naye nilimweleza. Nilidhani atanifukuza, lakini akasema kanuni ile aliisoma yeye akaipitisha, na yeye amezaliwa hapa hapa, kwa hiyo afadhali mimi mgeni.

Jumapili, walipotoka kanisani, nikasimama mbele ya wanawake sita nikasema yote. Boksi lile lilikuwa la Mama Taaka, mjane wa rika lako, mdogo wa mwili. Alikuwa ameandaa banda tangu Jumatano: maranda ya mbao chini, chungu cha makaa cha kuleta joto. Hata siku hiyo bado alikuwa amekiwasha. Akanipeleka mpaka mlangoni pa banda.

"Nyumba ya kuku yangu iko na moto," alisema, "iko na maji, kuku hakuna. Ingia wewe."

Nilisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Basi nikavua viatu, nikainama, nikaingia, nikakaa kwenye maranda magoti yakigusa masikio. Hapo ndipo walipocheka, Bibi! Mmoja alishika ukuta. Mama Taaka naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Nikajua nimesamehewa, nikataka kutoka.

"Kaa," alisema Mama Nabwire.

Walikwenda, wakarudi. Mama Nabwire aliinama mlangoni na kapu, akamimina vifaranga kama kumi na tano miguuni pangu. Akatoka. Akaja mwingine na kapu lake, akamimina vyake. Wote watano, mmoja baada ya mwingine. Vingine vilikimbilia chungu, vingine viliingia chini ya magoti yangu vikatulia. Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Mama Taaka alisimama mlangoni akihesabu kwa Kisamia, lugha ya kwao, akapotea, akaanza tena, mwisho akaacha kuhesabu.

"Sasa toka," aliniambia. "Polepole. Usikanyage watu wangu."

Msalimie Babu, mpinzani wangu. Msalimie Mama, na shangazi wa Kolo, na jirani fundi baiskeli. Mwajuma, asante kwa macho yako.

Mumeo mdogo,
Hamadi